Nyekundu, nyeupe, roze au ya mapovu? Ulinganisho kwa aliyekwama mbele ya shelfu

Unaijua hiyo hali. Wageni wanakuja jioni, au kesho unasafiri unataka kubeba kachupa, umesimama mbele ya shelfu lenye chupa za waini mpaka juu huko usipofika mkono, kila lebo ina picha ya shamba au ngome, na kichwani umebakiwa na ile sheria moja tuliyoambiwa wote, nyekundu kwa nyama nyeupe kwa samaki, basi. Sheria yenyewe sio ya kutupa, ila mi niliwahi kuifuata neno kwa neno siku ya joto kali, nyama ipo, nyekundu nzito ipo, chupa zilikaa mezani tangu mchana, na hakuna hata mtu mmoja aliyemaliza glasi ya kwanza. Waini ilikuwa ya vuguvugu kama uji. Watu wakahamia maji ya barafu na mi nikabaki naziangalia chupa zangu. Nyama haikuwa na kosa, waini nayo haikuwa na kosa, joto ndo lilikuwa limewekwa pembeni kwenye hesabu.

Na kama unaogopa kuonekana mshamba, tulia. Kuna utafiti wa Bordeaux, Ufaransa, uliochapishwa 2001, wanafunzi 54 wanaosomea waini walipewa waini nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, wakaielezea kwa maneno yale yale wanayotumia kwa nyekundu. Hao ni wasomi wake. Kwa hiyo rangi inatudanganya sote, na ndo maana hapa naanza na vigezo kwanza, rangi baadaye.

Vigezo ninavyotumia

Cha kwanza ni chakula, na hapa kuna vitu vinne tu vya kusikiliza mdomoni. Uchachu, ule unaofanya mate yatoke. Ukakasi, ule wa chai iliyokaa na majani muda mrefu, ulimi na ufizi vinakauka, wenyewe wanauita tanini. Sukari. Na nguvu ya pombe. Chakula kikiwa na uchachu mwingi, tuseme limau au nyanya au siki, waini isiyo na uchachu wa kutosha inapooza kabisa, inakuwa kama maji yenye rangi. Chakula cha mafuta na protini kinatuliza ukakasi kwa sababu tanini inang'ang'ania protini, na chumvi nayo inaulainisha. Pilipili inafanya kinyume, waini yenye pombe nyingi inauongeza ule moto, ukakasi nao unakuja kukwaruza juu yake. Halafu kitu kitamu, waini inatakiwa iwe tamu kuliko hicho kitu, la sivyo inageuka chungu. Ukishayashika haya unaweza kuanza kuvunja sheria ya rangi kwa amani.

Vingine vinne ni vyepesi: msimu (joto au baridi, nje au ndani), aina ya wageni na wingi wao, safari (kubeba, kupitisha, kunywea njiani), na chupa ikibaki nusu inakuwaje.

Waini nyekundu

Juisi inachachushwa ikiwa pamoja na maganda ya zabibu, rangi inatoka huko na ukakasi unatoka huko. Lakini "nyekundu" ni ukoo mkubwa. Kuna aina za zabibu, Cabernet Sauvignon, Syrah na Malbec kwa kawaida ni nzito, zina ukakasi, Pinot Noir na Gamay ni nyepesi na zina uchachu mzuri, na mtu anayesema hapendi nyekundu mara nyingi amekutana na hao wa kwanza tu. (Halafu Cabernet Sauvignon yenyewe, mfalme wa nyekundu, vipimo vya vinasaba vya 1997 vilionyesha mzazi wake mmoja ni Sauvignon Blanc, zabibu nyeupe kabisa. Rangi tena hiyo.)

Chakula: nyama nyekundu ya kuchoma yenye mafuta, mchuzi mzito uliopikwa taratibu, uyoga, jibini ngumu. Hapo nzito iko nyumbani. Kuku na hata samaki mwenye nyama nene aliyechomwa anakaa vizuri na Pinot Noir. Ila samaki wa mafuta mengi na nyekundu nzito ndo ile ladha ya kulamba msumari, na hiyo watafiti wa Japani mwaka 2009 waliifuatilia wakakuta inahusiana na madini ya chuma yaliyomo ndani ya waini, zinatofautiana chupa hadi chupa. Kwa hiyo wengine watakwambia wamekunywa nyekundu na samaki na hawakuona shida, na wanasema kweli. Pilipili nyingi na nyekundu yenye pombe asilimia 14.5? Mi siweki.

Msimu: baridi ndo wakati wake. Huko Ujerumani kwenye masoko ya Krismasi wanaichemsha na mdalasini na karafuu kabisa, wanaiita Glühwein, na kwa kazi hiyo usitumie chupa ya maana, tumia ya kawaida na usiiache itokote. Joto likiwa kali nyekundu haikatazwi, inahitaji friji. Ile kauli ya "nyekundu inanywewa joto la chumba" walikuwa wanasema watu wa nyumba za mawe zenye ubaridi, sio chumba chenye nyuzi 30. Nzito inataka nyuzi 16 mpaka 18, nyepesi 12 mpaka 14, maana yake nusu saa ya friji kabla ya wageni na hakuna anayekushangaa. Wafaransa kila Alhamisi ya tatu ya Novemba wanatoa Beaujolais Nouveau, nyekundu changa ya zabibu ya Gamay, na hiyo inanywewa ya baridi kidogo kabisa.

Wageni: wanaopenda wanapenda kweli, ila mgeni asiyezoea waini ukakasi unamkimbiza. Na inatia doa. Zulia jeupe na watu kumi na tano waliosimama na glasi za nyekundu, we mwenyewe unaona.

Safari: nzuri kubeba kwa sababu ukifika huhitaji barafu. Kwenye ndege angani ni hadithi nyingine, hewa ya ndani ni kavu na presha iko chini, pua inaziba kidogo, ulimi unapungukiwa, na waini yenye ukakasi inakuja kavu na chungu kuliko ulivyoizoea. Ukipewa kuchagua chukua yenye matunda mengi.

Ikibaki: ziba, weka friji, siku 3 mpaka 5. Ndiyo, hata nyekundu, friji.

Inamfaa anayelisha meza ya watu wachache waliokaa, chakula kizito, jioni ya ubaridi.

Waini nyeupe

Hii zabibu zinakamuliwa, maganda yanatolewa mapema, ndo maana ukakasi karibu haupo na kazi yote inafanywa na uchachu. Na uchachu ni kama kukamulia limau, ndo maana samaki na nyeupe wamezoeana toka zamani, hakuna siri nyingine.

Chakula: naona nyeupe ndo inadharauliwa zaidi kuliko inavyostahili. Watu wanaifungia kwa samaki wakati inabeba kuku, nguruwe, mboga za majani, jibini laini, vitu vya kukaanga (uchachu unakata mafuta vizuri sana), na vyakula vya nyanya ambavyo nyekundu nyingi vinazishinda. Ila lazima ujue unachukua ipi. Sauvignon Blanc, iwe ya Loire kule Ufaransa au ya Marlborough kule New Zealand, ni kali kwa uchachu, ina harufu ya majani, inapenda limau, mboga na jibini ya mbuzi. Chardonnay inategemea imelelewa wapi. Ya Chablis, Ufaransa, mara nyingi ni kavu (yaani haina utamu) na kali kama jiwe lililoloa, iliyokaa kwenye mapipa mapya ya mwaloni inakuwa nene, ina harufu ya siagi, na hiyo ukiiweka na saladi ya siki mnagombana, iweke na kuku wa sosi ya krimu. Halafu Riesling. Bonde la Mosel Ujerumani wanatoa Riesling za asilimia 8 hivi ya pombe, tamu kidogo, uchachu mkali, na kwa chakula cha pilipili sijaona rafiki mzuri kuliko hiyo, utamu unazima moto na pombe ndogo haiuchochei. Watu wanaikimbia kwa sababu wameambiwa waini tamu ni ya wasiojua. Waache waungue.

Msimu: joto, mchana, nje. Nyuzi 8 mpaka 12, ila usiigandishe, ikiwa ya baridi sana harufu inafungwa na unakunywa uchachu mtupu. Nene yenye mwaloni itoe friji dakika 15 kabla. Hiyo hiyo nene inafaa hata msimu wa baridi na supu nzito, watu hawajaribu.

Wageni: rahisi kukubalika, haitii doa. Tatizo ni friji, chupa kumi za nyeupe zinataka nafasi na siku hiyo friji limejaa vyakula. Ndoo kubwa, barafu, maji, na konzi mbili tatu za chumvi, chupa ya moto inapoa ndani ya dakika 20 hivi. Maji ni muhimu, barafu peke yake inagusa chupa kidogo tu. Hii mbinu imeniokoa mara nyingi.

Safari: ukifika inadai ubaridi, ndo mzigo wake. Lakini nyingi za New Zealand na Australia zinafungwa kwa kifuniko cha kuzungusha, yaani huhitaji kizibuo, na kama umewahi kufika hoteli usiku na chupa nzuri na huna kizibuo unajua thamani ya hilo.

Ikibaki: siku 3 mpaka 5 friji, zenye uchachu mkali zinavumilia zaidi.

Inamfaa mwenye wageni mchanganyiko na chakula cha mchanganyiko, mradi ana barafu.

Roze

Zabibu nyeusi, juisi inakaa na maganda masaa machache tu, inaondoka na rangi kidogo na ukakasi kiduchu. Wengi wanadhani ni nyekundu imechanganywa na nyeupe. Mwaka 2009 Tume ya Ulaya ilitaka kuruhusu mchanganyo huo kwa waini za mezani, watengenezaji wakapiga kelele mpaka pendekezo likafutwa. Shampeni ya roze ndo imeruhusiwa kuchanganya.

Chakula: iko katikati na hapo ndo nguvu yake. Nyama baridi, samaki wa kuchoma, kamba, saladi, vitu vyenye vitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Meza yenye sahani nane tofauti kila mtu anachota anachotaka, roze haigombani na hata moja. Na haing'arishi hata moja sana sana, tuseme ukweli.

Msimu: Provence, kusini mwa Ufaransa, wanaiuza kama jua kwenye chupa, na kweli joto ndo wakati wake, nyuzi 8 mpaka 12. Baridi ikiingia watu wanaisahau, mi naona zile za rangi iliyokolea zinafaa tu mwaka mzima.

Wageni: inavutia macho, wengi wanaifurahia, wachache wanaikataa kwa jina tu ("ni ya wanawake"), hao wape kwenye kikombe cheusi. Angalia lebo, kuna tamu na kuna kavu na rangi haikwambii ni ipi.

Safari: kama nyeupe, inataka ubaridi. Nyingi zimetengenezwa zinywewe changa kwa hiyo usizibebe kwenda kuzihifadhi. Ikibaki siku 3 hivi friji.

Inamfaa wa chakula cha nje na sahani nyingi ndogo.

Waini ya mapovu

Kwanza jina. Shampeni ni ile ya mkoa wa Champagne Ufaransa tu. Cava ni ya Hispania, Prosecco ni ya kaskazini mashariki mwa Italia. Shampeni na Cava mapovu yanazaliwa ndani ya chupa kwa uchachushaji wa pili, Shampeni ya kawaida lazima ikae angalau miezi 15 kabla haijauzwa, Cava miezi 9, ndo zinapata ile harufu ya mkate. Prosecco kwa kawaida uchachushaji wa pili unafanyika kwenye tangi kubwa, haraka zaidi, inatoka na matunda, peasi na maua. Tofauti ya bei inaanzia hapo, kazi na muda.

Halafu mtego wa lebo, huu umewakamata wengi na mimi nikiwemo. "Extra Dry", ambayo kwa Kiingereza ni "kavu zaidi", ni tamu kuliko "Brut". Brut ni chini ya gramu 12 za sukari kwa lita, Extra Dry ni 12 mpaka 17, Demi-Sec 32 mpaka 50. Niliwahi kununua Extra Dry nikidhani nimechukua kavu kuliko zote, nikaipanga na samaki wabichi, kumbe.

Chakula: watu wanaifungua, wanagonga glasi, wanaiweka pembeni chakula kikija, na hapo ndo wanapopoteza. Brut ina uchachu mkali na mapovu yanasugua mafuta ulimini, kwa hiyo vitu vya kukaanga, krispi za viazi, kuku wa kukaanga, chaza, jibini laini, hata mayai ambayo waini nyingi zinashindwa nayo. Keki? Keki na Brut ni ajali ya kila harusi, keki inaifanya Brut iwe chachu kama siki. Keki chukua Demi-Sec.

Msimu: sikukuu za mwisho wa mwaka mpaka basi, na hakuna sababu nyingine ila mazoea. Joto inafaa, baridi inafaa, nyuzi 6 mpaka 8. Usiiweke friza ukaisahau, ya kwangu ilipasuka, nilikwangua barafu yenye vioo.

Wageni: hakuna kinachofungua watu midomo haraka kama mlio wa kizibo, hata wageni wasiojuana. Ila mlio mkubwa ni hatari pia, ndani ya chupa ya Shampeni presha ni kama mara 5 au 6 ya hewa ya kawaida na kizibo kinaweza kuharibu jicho. Chupa iwe baridi, waya unafunguliwa kwa kuuzungusha nusu mzunguko mara 6, kidole gumba juu ya kizibo muda wote, inamisha chupa, zungusha chupa na sio kizibo. Itoe mlio wa kupumua tu.

Safari: hapa ndo dhaifu. Chupa ni nzito, kioo chake ni kinene, ikitikiswa na kupata joto inakulowesha. Na forodha nyingine zinaihesabu tofauti, nakuja huko.

Ikibaki: bila kifuniko chake maalum kesho imelala, ukiwa nacho siku 1 mpaka 3. Kijiko kwenye mdomo wa chupa hakisaidii.

Inamfaa mwenye wageni wa kusimama, vitafunwa vya chumvi, au sherehe fupi.

Kuhusu kubeba

Kwenye begi la mkononi vimiminika juu ya mililita 100 bado vinakataliwa viwanja vingi, kwa hiyo chupa inaingia begi la chini au unainunua baada ya ukaguzi, na kama unaunganisha ndege hiyo ya baada ya ukaguzi usiifungue mfuko wake uliofungwa. Begini ifunge na nguo, iwe katikati, isiguse ukuta wa begi, soksi ndefu inatosha kuivisha. Waini ya kawaida iko chini ya asilimia 24 ya pombe kwa hiyo usalama wa anga hauna kikomo nayo, kikomo ni uzito wako na forodha. Ukiingia Umoja wa Ulaya kutoka nje unaruhusiwa lita 4 za waini isiyo na mapovu bila ushuru, lakini ya mapovu iko kwenye fungu lingine, lita 2. Uingereza ni lita 18 za isiyo na mapovu na 9 za mapovu. Marekani lita 1 na uwe umefika miaka 21, zaidi ya hapo unalipa. Na nchi kama Kuwait hairuhusu kabisa, usijaribu. Sheria zinabadilika, zisome wiki ya safari. Kwa gari adui ni jua, chupa kwenye buti mchana kutwa inapikika, nyeupe na roze zinaumia haraka ila hakuna inayosalimika.

Kwa hali yako

Wageni wanane, chakula cha kukaa mezani: chupa ya mililita 750 inatoa glasi 5 za kawaida, kila mtu glasi 3 unahitaji chupa 5. Mi ningegawa, mbili za nyeupe za kuanzia na tatu za nyekundu kama kuna nyama, au ningegeuza kama nje kuna joto. Weka maji mengi na kinywaji cha maana kwa wasiokunywa, sio soda iliyobaki juzi, na jua nani anaendesha gari kurudi.

Chakula kina pilipili kali: Riesling tamu kidogo au roze yenye sukari kidogo, nyekundu ukilazimika iwe nyepesi na ya baridi.

Watu wengi wanasimama na sahani mkononi: mapovu kama bajeti inaruhusu, chupa inatoa glasi 6 ndogo, Cava ukitaka ule ukavu wa Shampeni kwa pesa kidogo, Prosecco kama wanapenda matunda. Bajeti ikibana, roze, na zulia litakushukuru pia.

Mko wawili tu na mnajua hammalizi: nyekundu au nyeupe kali, zinasubiri kesho. Mapovu tafuta nusu chupa ya 375.

Unakwenda kulala sehemu usiyoijua kama ina friji: nyekundu nyepesi yenye kifuniko cha kuzungusha.

Na umealikwa kwa watu, hujui wanapika nini: Pinot Noir au Brut, zote mbili zinabeba vyakula vingi, chagua kwa kadiri unavyomjua mwenyeji. Mpe mlangoni na umwachie, usisimame ukisubiri aifungue, inawezekana ya usiku huo alishaiweka kwenye barafu toka saa kumi.